Uzi: Theluji ya milimani inamsaidia nini mtu wa Newala anayehangaika na dumu la maji?

#1 Mtu wa Mnyambe
Wakuu habari. Kuanzia 2025 Umoja wa Mataifa umeitenga 21 Machi kuwa Siku ya Barafu za Milimani Duniani, na mwaka ule mzima ulikuwa wa kuzihifadhi. Nimesikiliza redio wakisema watu kama bilioni 1.9 wako kwenye mabonde yanayopata maji kutoka milima yenye theluji na barafu.

Mimi ni mtu wa Newala. Kilimanjaro nimeuona kwenye nembo ya taifa, pale wanaposimama yule bwana na yule bibi. Huku kwetu shida ni dumu la maji, na Ruvuma tunauona kwa chini tukisimama Shimo la Mungu.

Maswali mawili. Moja, theluji inamfaa vipi mtu aliye chini, wakati mito inajazwa na mvua? Ruvuma hauna theluji hata punje na unatiririka hadi baharini. Pili, ni kweli barafu ya Kilimanjaro ikiisha, Kaskazini yote inakauka? Wajuzi shukeni.

#2 Nanyamba Kwetu
Nimeweka kambi. Muhogo wa kuchoma uko jikoni.

#3 Mwalimu wa Mikumbi
Mleta mada, jibu la swali lako la kwanza liko kwenye wakati. Mvua ya Mtwara na Lindi inaanza Novemba au Desemba, ikifika Mei imeshaaga. Ikinyesha ya nguvu leo, kesho Lukuledi umechafuka, na baada ya siku chache maji yameingia bahari ya Lindi. Hakuna wa kuyadai tena.

Sasa mvua hiyohiyo ingeanguka ikiwa theluji juu ya mlima mrefu, isingeshuka siku hiyo. Ingelala kule juu mpaka jua lipande, ndipo ianze kuchuruzika wiki baada ya wiki, wakati mkulima wa bondeni haoni wingu. Mlima wa namna hiyo ni ghala: mavuno yanaingia msimu mmoja, watu wanakula msimu mwingine.

Halafu tofautisha theluji ya msimu na barafu ya kudumu. Ya msimu inaanguka kipindi cha baridi na kuisha kiangazi kinachofuata. Barafu ya kudumu ni theluji ya miaka na miaka iliyoshindiliwa na uzito wake yenyewe. Mwaka wa ukame, mvua imekosekana na theluji mpya haikuanguka, hiyo ya zamani inaendelea kutoa.

California, Marekani, theluji ya milima ya Sierra Nevada inachangia kama asilimia 30 ya maji ya jimbo. Mwanzoni mwa Aprili wapimaji wanazamisha bomba kwenye theluji, wanasoma kina, wanapima uzito, wanajua kiangazi kitakuwaje. 1 Aprili 2015 gavana Jerry Brown alikwenda kwenye kituo cha vipimo akasimama juu ya majani makavu, mahali ambapo miaka mingine watu wanazama kwenye theluji. Siku hiyohiyo akatangaza miji ipunguze matumizi ya maji kwa asilimia 25.

#4 Ruangwa Damu
Mwalimu akishika chaki hatoki mtu 😂 Ila ghala tunalolijua sisi ni la korosho, na hela yake inachelewa kuliko hiyo theluji.

#5 Mchaga wa Chikongola
Habari za jioni wana Mtwara. Mimi ni mfanyabiashara hapa Chikongola, kwetu ni Machame, kwa hiyo swali la pili naomba nilishike.

Kwetu maji ya shambani yanakuja kwa mfongo, mfereji unaochepushwa kutoka mtoni huko juu na kuzungushwa kwenye kingo za mlima mpaka kwenye vihamba, yaani mashamba ya migomba yanayozunguka nyumba. Wazee waliichimba kabla Mjerumani hajafika. Kila mtu ana zamu yake, na mfongo ukiziba kwa majani na matope, wote mnatoka na majembe. Asiyetoka analipa faini. Nikiwa mtoto zamu yetu ilikuwa usiku: unakwenda na taa, unaondoa udongo na migomba iliyozibia, maji yanaingia shambani yakiwa ya baridi ya kuuma miguu.

Babu yangu hadi leo anasema ubaridi ule ndiyo ushahidi kwamba ni maji ya barafu, na kwamba mfongo umepungua nguvu kwa sababu mlima umevuliwa kofia. Na kofia kweli imevuliwa. 1912 barafu ya Kilimanjaro ilikuwa kilomita za mraba kama 12, 2007 zilikuwa hazifiki 2. Kwa hiyo, Mtu wa Mnyambe, jibu ni ndiyo. Tunakauka.

#6 Msitu Kwanza
Mkuu wa Chikongola, heshima kwa babu, lakini barafu na mfongo ni mambo mawili yaliyokutana kwenye picha moja.

Barafu ya Kilimanjaro ni kidogo sana kulinganisha na mlima wenyewe. Maji yanayolisha Kikafu, Weruweru na mito mingine ya kusini yanatoka kwa sehemu kubwa kabisa kwenye ukanda wa msitu. Pale mvua inapita milimita 2,000 kwa mwaka, na juu yake kuna ukungu unaonaswa na majani ya miti na ndevu za kuvumwani zinazoning'inia juu yake, unadondoka chini tone kwa tone hata siku isiyo na mvua. Maji yanazama kwenye miamba ya volkano na kutokea chini kama chemchemi.

Na barafu ile ya kileleni, kwenye mita 5,895, hewa ni kavu na baridi na jua ni kali. Sehemu kubwa inageuka mvuke moja kwa moja bila kupitia maji, inaondoka na upepo. Haifiki Machame.

Ubaridi wa maji si ushahidi. Maji yoyote yaliyotoka mita 3,000 usiku yatakuuma miguu.

#7 Mchaga wa Chikongola
@Msitu Kwanza, kama haifiki, mbona wapanda mlima wanaona vijito vinatoka chini ya barafu mchana jua likiwaka? Nimebeba mizigo ya wageni miaka ya nyuma, nimeyanywa maji yale kwa mkono wangu.

#8 Msitu Kwanza
Vipo, sikatai. Juu kabisa mchango wake unaonekana. Kadiri unavyoshuka, kila bonde linaongeza maji ya msitu, na ukifika kwenye vihamba kile kijito kimemezwa. Ukitaka kujua kwa nini mfongo umepungua, hesabu mipira ya plastiki iliyochomekwa huko juu kabla maji hayajafika kwenu. Hesabu na watu.

#9 Mchaga wa Chikongola
Hapo kwenye mipira umesema jambo ambalo mdogo wangu analisema kila sikukuu na babu anamfukuza mezani. Lakini sijashawishika kwamba barafu haina mkono. Zamani hatukugombana kwa zamu Septemba.

#10 Mtani Myao
Wachaga mnagombania mfereji, Wamakonde wanagombania dumu, sisi Wayao tumetulia tunakula mtama wetu. Endeleeni.

#11 Mtu wa Mnyambe
@Mtani Myao mtama huo mnaupikia maji ya wapi, au mnautafuna mbichi? Tuendelee wakuu, uzi umenoga. Bado nataka kujua watu gani hasa ambao bila theluji hawaishi, kama Machame wenyewe wanabishana.

#12 Baharia wa Msimbati
Mtu wa Mnyambe, hao watu nimewaona. Nimefanya kazi melini miaka mingi na Karachi, Pakistan, tumeshusha na kupakia mara nyingi.

Sindh, jimbo lenye Karachi, ni nchi kavu. Vumbi, jua, mvua ya kuhesabu. Ukisafiri kwa gari kwenda bara unakuta mashamba ya mpunga, pamba na miwa yanakwenda mpaka macho yachoke. Maji yanatoka mto Indus. Mto huo unaanzia Tibet, unapita Ladakh, unapokea mito ya milima ya Karakoram ambako kuna barafu ndefu kuliko umbali wa Mtwara mjini kwenda Mikindani mara nyingi tu. Kiangazi kule juu kikipamba moto, Juni mpaka Agosti, theluji na barafu zinashuka, bwawa la Tarbela linajaa, na kutoka hapo maji yanagawanywa kwa mifereji. Ule mtandao wa mifereji unatajwa kuwa mkubwa kuliko yote duniani kwenye eneo moja lililoungana. Sehemu ya umeme wao pia iko kwenye maji hayohayo. India na Pakistan, kwa uadui wao wote, zilikaa 1960 zikasaini mkataba wa kugawana mito ile.

Mchele wa Pakistani unauzwa pwani hii yote. Mtu anaweza kukaa Zanzibar anakula wali uliomwagiliwa na theluji asiyoijua.

Lakini kuna upande uliniuma mimi mtu wa pwani. Maji yanachukuliwa na mifereji njiani, yanayofika baharini ni kidogo, hasa nje ya msimu wa mvua. Bahari imeingia kwenye delta, pale mto unapogawanyika kabla ya kuingia baharini. Mashamba yamekuwa chumvi, mikoko imekonda, wavuvi wamehamia Karachi. Niliwafikiria ndugu zangu wa mdomo wa Ruvuma, maana delta yoyote inaishi kwa kile kinacholetwa na mto kutoka juu.

#13 Mnunuzi Mdogo
Ongeza na Vietnam, wanunuzi wa korosho zetu. Mekong wao unatoka Tibet, kwa hiyo nao wanakula theluji.

#14 Mwalimu wa Mikumbi
@Mnunuzi Mdogo, chanzo ni Tibet kweli, ila Mekong kwa chini unajazwa zaidi na mvua za monsuni, zile mvua kubwa za msimu za Asia. Theluji ni sehemu ndogo huko deltani. Ndiyo maana Indus inatajwa sana: magharibi ya Himalaya mvua ni haba, mchango wa theluji na barafu unakuwa mkubwa. Ukielekea mashariki, Ganges na kuendelea, monsuni inatawala. Mlima mmoja mrefu, majibu tofauti kwa mtu wa chini.

#15 Mnunuzi Mdogo
Hata hivyo kiangazi, kabla monsuni haijafika, hicho kidogo kina thamani kuliko kingi cha msimu wa mvua. Muulize mtu wa Newala thamani ya dumu la Oktoba na dumu la Februari.

#16 Mwalimu wa Mikumbi
Hapo nakuunga mkono kabisa.

#17 Fundi Pampu
Wakuu, mnazunguka dunia na ghala mnalikalia. Nimefanya kazi za pampu na mabomba huku juu muda mrefu, nisikilizeni.

Nyanda za Makonde ni mchanga. Mvua kama milimita 1,000 kwa mwaka inaanguka Newala na Tandahimba, na huoni mto huko juu. Imekwenda wapi? Imezama. Ndiyo maana kuchimba kisima cha mkono Newala mjini ni kazi bure, maji yako chini mno. Yanasafiri ndani ya mchanga taratibu, yanatokea kwenye kingo: Ndanda, Mbwinji, bonde la Mitema. Mbwinji inanywesha Masasi na Nachingwea. Mitema maji yanavutwa kwa pampu kurudishwa juu kwa watu walewale ambao mvua iliwanyeshea kichwani.

Nendeni Ndanda Oktoba, kila kitu kimekauka, chemchemi inatoa. Mvua ile ilianguka zamani. Kwa hiyo kazi ambayo mnasema theluji inafanya huko Karakoram, hapa inafanywa na mchanga. Tofauti ni kwamba theluji inashuka yenyewe kwa mteremko. Sisi ghala liko chini na watu wako juu, umeme ukikatika pampu zinasimama na matenki ya Newala yanakauka.

#18 Dada wa Mahuta
Asante kaka Fundi. Watu wa huku tumejenga na ghala la tatu, kisima cha uani cha kuhifadhi maji ya mvua kutoka kwenye bati. Nyumba yetu Mahuta baba alichimba shimo akalijengea kwa matofali, akalipiga lipu ya saruji nzito na kufunika juu kwa zege, akaacha mlango mdogo wenye kufuli. Hela ilitokana na korosho, kama mabati yenyewe. Mvua ya kwanza hatuiingizi. Mama anageuza mfereji wa bati ili maji ya vumbi na kinyesi cha popo yamwagike nje, mpaka bati lioge. Baadaye ndiyo anarudisha mfereji, anafunga kitambaa cha kanga kuukuu kwenye mdomo wa bomba.

Kufuli lilikuwa la nini? Kisima kikifika Septemba, ufunguo unakaa kwa mama tu. Anapima kwa macho, anasema leo kufua hakuna. Kabla ya kwenda shule tulioga nusu ndoo. Mabinti wa nyumba zisizo na kisima walikuwa wanateremka mabondeni alfajiri na kurudi jua limewaka, shule imeshaanza. Kwa hiyo nikisikia maji yanayokuja kiangazi yanasaidia maisha ya watu, mimi naona daftari za wale mabinti.

#19 Mtu wa Mnyambe
Dada wa Mahuta umenigusa. Dada zangu waliteremka.

#20 Kijana wa Shangani
Kuna mtu huko Ladakh, India, mhandisi anaitwa Sonam Wangchuk, alitatua tatizo linalofanana na la mama wa Mahuta. Vijiji vyao viko jangwani juu milimani, mvua karibu hakuna. Barafu ziko mbali juu, zinaanza kuyeyuka kwa nguvu Juni, lakini shayiri inatakiwa kupandwa Aprili na Mei. Maji ya kijito wakati wa baridi yanapita bure kwa sababu hakuna wa kuyatumia.

Alichofanya: bomba linazikwa kutoka juu ya kijito mpaka kijijini, bila pampu. Kwa sababu chanzo kiko juu, maji yanaruka yenyewe kwenye ncha ya bomba lililosimamishwa. Usiku wa baridi kali yanaganda yakiwa hewani na kuanguka, kinajengeka kichuguu kikubwa cha barafu chenye umbo la koni. Koni inaonyesha jua eneo dogo, kwa hiyo haiyeyuki haraka. Ikifika Aprili inaanza kutoa maji polepole, miche inapata. Kabla yake Chewang Norphel, mhandisi mwingine wa hukohuko, alikuwa akigandisha maji kwenye mabonde yenye kivuli kwa kazi hiyohiyo.

#21 Ruangwa Damu
Fundi Pampu tugandishie na sisi Nachingwea.

#22 Fundi Pampu
Nipe baridi kwanza mtani. Wapare wasiokuwa na barafu wana ndiva: bwawa dogo la udongo, maji ya chemchemi yanalazwa usiku, asubuhi yanafunguliwa kwa mkupuo yafike mashamba ya mbali. Hilo hata sisi tunaweza.

#23 Msitu Kwanza
Swali la kwa nini barafu ya Kilimanjaro inaisha halijaguswa, na watu wengi wanalijibu haraka. Wapo wataalamu wanaosema ni joto la dunia tu. Wapo wanaosema ilianza kupungua tangu mwisho wa karne ya 19, hewa ya Afrika Mashariki ilipokuwa kavu zaidi: theluji mpya haikuanguka ya kutosha kulinda ile ya zamani na jua. Unyevu ule unatoka Bahari ya Hindi, bahari hiihii ya Msimbati na Kilwa. Wapo pia wanaotaja ukataji wa misitu chini ya mlima.

#24 Mchaga wa Chikongola
Kwa hiyo babu akisema mlima umekauka kwa sababu watu wamekata miti na dunia imepata homa, amekosea wapi?

#25 Msitu Kwanza
Kwenye mfongo. Kwenye mlima namwachia nafasi.

#26 Mjomba wa Nachingwea
Joto la dunia mnalitaja kama vile linapunguza maji tu. Nimesoma habari za milima ya Andes, Amerika Kusini. Barafu inapoanza kuyeyuka kasi, kwanza mito inaongezeka. Watu wanafurahi, wanafungua mashamba mapya. Peru, bonde la mto Santa linalolishwa na barafu za Cordillera Blanca, wamechepusha maji mpaka jangwa la pwani linalima asparaga ya kuuza nje. Baadaye barafu ikiwa ndogo maji yanapungua, na mashamba tayari yapo. Hao watu wamezoeshwa maji ambayo ni mtaji, si faida.

Na kuna hatari. Barafu ikirudi nyuma inaacha ziwa nyuma ya ukingo wa kokoto. 13 Desemba 1941 ziwa Palcacocha lilipasua ukingo, mji wa Huaraz ukafunikwa na matope, wakafa maelfu. Kwa hiyo aliye chini anapewa uhai na anatishwa na mlima uleule.

#27 Kijana wa Shangani
Bolivia pia. Barafu ya Chacaltaya karibu na La Paz, walikuwa wanateleza juu yake kwa michezo, iliisha kabisa 2009. Novemba 2016 mji ukapata mgao mkali wa maji.

#28 Mwalimu wa Mikumbi
Ule mgao usiupachike kwenye barafu peke yake. Mvua zilichelewa, mabwawa yalikauka, na usimamizi ulilaumiwa sana na wananchi. Barafu inasaidia hasa miaka ya ukame, ila bomba linalovuja halijali maji yametoka wapi.

#29 Mjomba wa Nachingwea
Mwalimu, ungekuwa na barafu ya kutosha mlimani usingefika kwenye kulaumu mabomba.

#30 Fundi Pampu
Mimi fundi nasema bomba kwanza.

#31 Nanyamba Kwetu
Muhogo umeisha na hamjakubaliana. Mimi nauliza la nyumbani: Ruvuma unaanzia milima ya Matagoro kule Songea, kilomita kama 800 hadi baharini, hauna theluji, na Oktoba unabaki na maji. Nani anaulisha?

#32 Msitu Kwanza
Udongo na miamba ya huko juu pamoja na misitu, upande wetu na upande wa Msumbiji, maana mto wa Lugenda unaoungana nao unatoka kwao. Ndiyo sababu nikiona moto unapita Matagoro au miti inakatwa kwenye vyanzo, naogopa kuliko habari ya Kilimanjaro.

#33 Baharia wa Msimbati
Mchanga pia. Kiangazi mto unakuwa mifereji midogo kati ya mafungu ya mchanga, ukichimba kidogo maji yanajaa shimoni. Wa huku chini tunachota hivyo, kwa tahadhari ya mamba.

#34 Dada wa Mahuta
Kaka Fundi, kisima cha nyumbani kimeanza kuvuja pembeni, maji yanashuka bila kutumika. Lipu mpya juu ya ile ya zamani itashika?

#35 Fundi Pampu
Haitashika dada. Subiri kiishe, ingia mtu mwenye taa atafute ufa, akwangue lipu yote ya eneo hilo mpaka tofali lionekane, aloweshe, ndipo apige mchanganyiko wenye saruji nyingi kwa tabaka mbili. Kiache na unyevu wiki nzima, usikikaushe na jua. Fanya Oktoba kabla mawingu hayajaja. Na mwangalieni mtu anayeingia ndani, mlango uwe wazi muda kabla, hewa ya kisima kilichofungwa inaua.

#36 Mchaga wa Chikongola
Desemba nakwenda nyumbani. @Msitu Kwanza niambie nipime nini kwenye mfongo ili mimi na babu tuelewane, usinitumie maneno matupu.

#37 Msitu Kwanza
Panda na mfongo mpaka unapochepuka mtoni. Njiani hesabu kila mpira wa plastiki unaonyonya. Kisha pima kina kwa fimbo sehemu moja juu na moja kwenu, asubuhi na jioni. Kama maji ya juu ni mengi na ya kwenu ni machache, barafu haihusiki. Kama hata juu ni machache, rudi hapa tubishane upya.